Waya ni wa umma, lakini swichi ni ya nani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari kwenye kata moja mkoani Njombe, kilomita chache kutoka barabara kuu iendayo Mbeya. Shule ina kompyuta nne na haina intaneti, tunatumia simu yangu na bando langu. Kwa nini intaneti isiwe ya umma kama maji na barabara? Na hii mitandao ya kijamii, kwa nini iachwe mikononi mwa matajiri wawili watatu wa Marekani badala ya kusimamiwa na serikali zetu? Mwalimu mwenzangu wa hesabu ananicheka. Anasema nikiomba serikali iishike intaneti nitajuta siku ikizimwa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Wewe uko sahihi kuhusu waya, mwenzako wa hesabu yuko sahihi kuhusu swichi. Mnabishana kwa sababu mnaviita vitu viwili kwa jina moja, na kwa sababu wote wawili mkisema "umma" mnamaanisha "serikali". Nimefanya kazi ya mkongo miaka mingi, nimekaa pia kwenye vikao vya bei, na kila mara mjadala huu hukwama palepale.

Nianze na waya, maana ndiko nilikokulia. Ukisafiri kwenda Mbeya utaona kando ya barabara vinguzo vifupi vinavyoonya watu wasichimbe. Chini yake umelala Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Ulianza kujengwa mwaka 2009 kwa mkopo kutoka China, ni mali ya serikali, unaendeshwa na TTCL, shirika la simu la umma, na kampuni za simu hukodi nafasi humo kwa bei ya jumla. Unafika mipakani na kuhudumia hata majirani: Rwanda, Burundi, Zambia, Malawi. Kwa hiyo nusu ya ombi lako ilitimizwa kabla hujaniandikia. Unaponunua bando kwa kampuni binafsi, huenda video unayowaonyesha wanafunzi imesafiri sehemu ya safari yake ndani ya mali ya umma.

Kwa nini iwe hivyo? Kebo ya mkongo si nene kuliko kidole gumba, na ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Greda la barabara likiikata, mafundi hufika na gari, wanasimamisha hema dogo hata kama jua linachoma, kwa sababu adui yao ni vumbi. Fundi anaumenya uzi, anaufuta kwa spiriti, anaukata, kisha anaziweka ncha mbili ndani ya mashine yenye skrini ndogo. Pale kwenye skrini unaziona zikitafutana kama watu wawili gizani, cheche inapiga, zimeshikana. Mashine inaandika mwanga uliopotea: 0.02. Ikiandika 0.3 fundi anasonya, anakata, anaanza upya. Uzi mmoja huo, bado arobaini na saba.

Katika kazi yote hiyo, kitu cha bei nafuu kuliko vyote ni kile kioo. Fedha imezikwa mtaroni: kuchimba, vibali, fidia za mashamba, kuvuka mito, kupenya chini ya lami. Sasa piga picha kampuni nne zikichimba mitaro minne sambamba kutoka Iringa hadi Mbeya. Gharama yake ataibeba nani kama si wewe, kwenye bando? Hakuna mtaa unaolazwa mabomba manne ya maji ya kampuni nne. Mtaro ni mmoja, na mtaro mmoja ukimilikiwa na mfanyabiashara mmoja bila sheria ya kumbana, atakuchuna. Hoja ya waya kuwa wa umma inaanzia hapo, kwenye jembe na sururu. Siasa ya mrengo wowote inakuja baadaye.

Jiji la Stockholm lililiona hili mapema. Mwaka 1994 liliunda kampuni yake, Stokab, ikalaza nyuzi mjini na kuzikodisha kwa yeyote kwa masharti yaleyale. Stokab haikuuzii intaneti. Haina bando wala matangazo. Inakodisha uzi mtupu, na wauzaji wanashindana juu yake. Mwishoni mwa 2009, 4G ya biashara ilipowashwa kwa mara ya kwanza duniani, iliwashwa Stockholm na Oslo. Huko Marekani nako, kwenye mji wa kawaida kabisa uitwao Chattanooga, shirika la umeme la mji lilipeleka nyuzi majumbani, na mwaka 2010 likawa linauza kasi ya gigabiti moja kwa sekunde. Sheria ya jimbo la Tennessee inalizuia kuuza nje ya eneo lake la umeme, na kampuni kubwa zimepigana sheria hiyo isiguswe.

Lakini usifurahi mapema. Rwanda ilijaribu kitu kinachofanana na unachokiomba. Mwaka 2013 serikali iliingia ubia na kampuni ya KT ya Korea Kusini, na ubia huo ukapewa haki ya pekee ya kujenga 4G na kuiuza kwa jumla nchi nzima. Mitambo ilisimikwa kweli, karibu nchi nzima ikafikiwa. Wateja hawakuja kwa wingi uliotarajiwa. Bei ya jumla ilikuwa juu, huduma ya kupiga simu ikabaki kwenye mitandao ya zamani ya kampuni nyingine, na mwenye haki ya pekee hakuwa na mtu wa kumkimbiza. Mwaka 2023 MTN ikawasha 4G yake yenyewe, upekee ukaishia hapo.

Na kuna kisa cha Nairobi ambacho huwa nawasimulia vijana wanaoanza kazi. Mwaka 2000, barua pepe kutoka ofisi moja kwenda ofisi ya ng'ambo ya barabara ilikuwa inapanda setilaiti, inakwenda nje ya nchi, inarudi kwa setilaiti. Kila kampuni ya intaneti ilikuwa na njia yake ya kwenda nje, na njia hizo zilikuwa haki ya pekee ya Telkom Kenya, shirika la umma. Kampuni zikakaa pamoja zikasema: tuweke chumba kimoja chenye mtambo mmoja, data ya Mkenya kwenda kwa Mkenya iishie hapahapa. Kituo kikafunguliwa Novemba. Telkom ikalalamika kwamba haki yake imevunjwa, na ndani ya wiki mbili hivi mdhibiti akaamuru kifungwe. Kilikuja kuruhusiwa kurudi hewani mwanzoni mwa 2002. Zaidi ya mwaka mzima watu walilipia dola za setilaiti ili wasalimiane na majirani. Shirika lililozuia lilikuwa mali ya umma, na aliyeumia ni umma huohuo.

Ndiyo maana mtu akiniuliza kama mkongo uwe wa serikali, huwa namjibu kwa maswali. Huo mkongo unauza kwa kila kampuni kwa bei ileile, au una mtoto wa nyumbani anayependelewa? Hesabu zake anazisoma nani? Mkataba wake na mwenye deni unajulikana? Ukikata bei, nani anahakikisha punguzo linafika kwenye bando badala ya kuishia njiani? Wenye kampuni za simu hawapendi swali hilo la mwisho, na hata wenye mkongo wenyewe si kila siku wanalipenda.

Bei ya bando pia unaidhani ni soko huria. Siyo. TCRA, mdhibiti wa mawasiliano nchini, iliweka mipaka: MB moja iuzwe kati ya shilingi 2.03 na 9.35. Mpe mwenzako wa hesabu azidishe: GB moja ni kati ya kama 2,080 na 9,575. Dari naielewa, ni kinga ya mteja. Sakafu ndiyo inayonitatiza, kwa sababu inamzuia anayetaka kuuza rahisi zaidi. Wanaoitetea husema bila sakafu mkubwa atauza kwa hasara mpaka wadogo wafe, kisha apandishe. Ni hoja yenye uzito, lakini kwa mwalimu anayefundisha darasa zima kwa simu yake mwenyewe ni hoja ya mbali sana. Na usisahau Aprili 2021, bando zilipobadilika ghafla, watu wakapiga kelele, serikali ikasitisha mabadiliko yale. Hiyo nayo ilikuwa usimamizi wa umma, tena wa moja kwa moja kuliko ule wa kwenye kanuni.

Kwa shule yako, tatizo si mkongo, maana huo unapita jirani. Tatizo ni zile kilomita chache za kutoka barabarani hadi darasani. Hapo biashara peke yake haifiki: wateja wachache, umeme wa kusuasua, mnara wa gharama ileile ya mjini. Kwa ajili hiyo upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2006, ambao kampuni za mawasiliano huuchangia na wenyewe hutoa ruzuku ili mnara usimame mahali pasipo na faida. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 vijijini. Kama kuna fedha ya umma ninayotamani wananchi waifuatilie kwa jina la kata, ni hiyo. Diwani wako anaweza kuuliza kata yenu ipo au haipo kwenye orodha. Wengi hawaulizi.

Haya, swichi.

Kwanza nitenganishe kukatika na kuzimwa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa walioumia zaidi. Hakuna aliyebonyeza kitu. Ilikuwa ajali, na dawa ya ajali ni kuwa na njia nyingi. Ile nyingine ni uamuzi. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimika nchi nzima na ikaanza kurudi siku tano baadaye. Mtaani kwetu kuna dada anauza vitenge kwa WhatsApp, hana duka, duka lake ni simu. Siku iliporudi nilimkuta amekaa kwenye baraza, simu inatetemeka mfululizo mezani, oda zinaingia kwa mpigo. Nyingi zilikuwa za sherehe zilizokwisha pita. Alikuwa anajibu mmoja mmoja, "samahani mpendwa, mtandao ulikuwa umezimwa," na kwenye daftari anapiga mstari juu ya kila jina.

Mwenzako atasema: unaona? Ungeacha kila kitu kwa kampuni binafsi haya yasingetokea. Hapo ndipo anapokosea. Kongo, intaneti ilizimwa tarehe 31 Desemba 2018 baada ya uchaguzi, ikakaa karibu wiki tatu, na kampuni zilizozima zilikuwa binafsi. Uganda, Januari 2021, siku tano hivi, nako ni kampuni binafsi kwa sehemu kubwa. Swichi haifuati umiliki. Inafuata leseni. Kampuni ikiletewa amri, mkurugenzi anapiga hesabu ya leseni yake, mitambo yake na wafanyakazi wake, kisha anampigia simu fundi wa zamu. Sijawahi kuona mkurugenzi aliyechagua vinginevyo, na siwalaumu sana.

Kwa hiyo kuubinafsisha waya hakumnyang'anyi mtu swichi. Kinachoweza kumnyang'anya ni mahakama. Zimbabwe, Januari 2019, Mahakama Kuu ilisema waziri aliyeamuru intaneti izimwe hakuwa na mamlaka hayo kisheria, na huduma ikarudi. Mwaka 2020 Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, iliamua kwamba Togo ilivunja haki ya kujieleza ilipozima intaneti mwaka 2017. Hukumu hizi zimekuja baada ya madhara, nakubali. Ninachokitaka mimi ni sheria inayosema hivi: hakuna kuzima isipokuwa kwa amri ya jaji, iliyoandikwa, yenye sababu, yenye muda, inayoonyesha eneo husika, na inayotangazwa. Kampuni ikipokea amri isiyo na sahihi ya jaji iwe na haki ya kukataa bila kupoteza leseni. Nakiri pia kwamba waya ukikusanywa wote kwenye lango moja, kuzima kunakuwa kazi ya dakika chache. Kwa hiyo hata mimi ninayetaka mtaro wa umma sitaki lango moja.

Upande wa mitandao ya kijamii ombi lako linanitia wasiwasi zaidi. Hasira yako naielewa. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika duniani kwa saa kama sita kwa kosa la mafundi wao wenyewe, na biashara za watu huku kwetu zikasimama bila hata mtu wa kumpigia simu. Nani aliwachagua wale? Hakuna. Lakini tazama Uganda, mwezi uleule wa uchaguzi wa 2021: Facebook ilifuta akaunti ilizosema zinahusishwa na serikali, serikali ikajibu kwa kuifunga Facebook nchi nzima, na miaka ikapita ikiwa imefungwa. Mafahali wawili walipigana, wananchi wakajifunza VPN, programu za kukwepa kizuizi. Kabla ya hapo, tangu Julai 2018, walikuwa wakilipa shilingi 200 za Uganda kwa siku ili tu waingie kwenye mitandao hiyo. Kodi hiyo ilifutwa 2021, ikaja ya asilimia 12 kwenye data.

Kwetu, kanuni za maudhui za 2018 zilimtaka hata mwenye blogu ndogo awe na leseni, na gharama ya mwaka wa kwanza ikifika shilingi milioni 2.1. Wengi walifunga. Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa. Septemba mwaka huohuo JamiiForums, jukwaa la Kitanzania lililojengwa na Watanzania, likasimamishwa siku 90. Ukisema "mitandao isimamiwe na serikali", mwalimu, usifikirie serikali iliyo kichwani mwako. Fikiria hii iliyopo, na ile utakayoipigia kura ya hapana ikashinda.

Je, tuwaache tu? Hapana. Kuna tofauti kati ya kudhibiti mlango na kudhibiti mdomo. Chukua pesa za simu. Zamani ukiwa na mtandao huu huwezi kumtumia wa mtandao ule mpaka azungushwe na vocha za namba. Watu walitembea na laini tatu. Kuanzia 2014 kampuni zetu zikaanza kufunguliana milango, na baadaye Benki Kuu ikajenga mfumo wa TIPS unaounganisha benki na mitandao. Hakuna aliyeitaifisha M-Pesa. Kilichotokea ni kwamba ukubwa wa kampuni uliacha kuwa kamba ya kumfunga mteja. Ulaya wamefanya hivyo kwa mitandao: sheria yao ya masoko ya kidijitali inailazimisha WhatsApp ifungue mlango kwa programu nyingine za ujumbe zinazoomba. Siku yule dada wa vitenge akiweza kuhamia jukwaa jingine na wateja wake wote, kama unavyohama mtandao wa simu ukabaki na namba yako, mwenye WhatsApp atajifunza adabu bila waziri kufunga chochote.

Mlango mwingine ni wa mahakama. Watu waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook wakiwa Nairobi, wakitazama mauaji na ukatili kutwa nzima, walimshtaki Meta, mwenye Facebook na WhatsApp. Meta akasema mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikasema zinayo. Aprili 2025 Mahakama Kuu ikasema vivyo hivyo katika kesi nyingine, ya Waethiopia wanaodai machapisho ya chuki kwenye Facebook yalichochea mauaji wakati wa vita vya kaskazini mwa nchi yao. Kesi hizi zinakwenda pole pole, mawakili wanazeeka nazo. Lakini ni aina ya usimamizi ninayoiamini: mlalamikaji ana jina, hakimu anaandika sababu, na hukumu inaweza kukatiwa rufaa.

Kuna watu watakushauri nchi ijenge mtandao wake wa kijamii, wa serikali. Nimewahi kukaa kwenye kikao ambapo wazo hilo lilitolewa kwa umakini kabisa. Nikauliza tu: nani ndani ya chumba hiki atahamishia huko kundi la familia yake? Chai ikaletwa, tukaendelea na ajenda nyingine.

Kwa hiyo mwambie mwenzako kwamba mtaro na nyuzi viwe vya umma, kwa bei moja kwa wote. Bando washindane. Kwenye mitandao sheria ifungue milango na iache midomo, na swichi ikae kwa jaji. Akikubali hilo la mwisho, hamna ugomvi tena.

Sasa kompyuta zako nne. Wakati unamsumbua diwani kuhusu mnara, usisubiri. Kuna programu ya bure iitwayo Kiwix inayokuwezesha kupakua Wikipedia nzima na kuisoma bila intaneti. Wikipedia ya Kiswahili ni ndogo, inaingia kwenye flashi ya kawaida. Taasisi ya Elimu nayo ina vitabu vya kiada kwenye maktaba yake mtandao. Siku ukienda Makambako kufuata mshahara, kaa saa mbili mahali penye mtandao mzuri, pakua vyote, rudi navyo shuleni, vihamishie kwenye kompyuta moja, kisha uziunganishe zote nne kwa waya. Waya huo utakuwa wa shule, na swichi utaishika wewe.